Programu huria zinahitaji ripoti kutoka Lushoto

Kila mwezi unapoisha, zahanati na vituo vya afya vilivyotawanyika kwenye milima ya Usambara hufunga hesabu. Wauguzi hujumlisha walichoandika kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria, kina mama waliojifungua. Majumuisho hayo hupelekwa halmashauri, Lushoto kwa upande mmoja na Bumbuli kwa upande mwingine, na huko, au kituoni penyewe kama pana kompyuta na mtandao, namba huingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Kuanzia hapo hali ya afya ya watu wa Mlalo, Mtae au Soni inaweza kusomwa Tanga mjini na wizarani Dodoma.

DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bila kulipia leseni na kuurekebisha. Kazi kubwa ya kuutengeneza husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, lakini mfumo huu ulizaliwa Afrika. Mradi wa mifumo ya taarifa za afya, HISP, uliouanzisha ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, utawala wa kibaguzi ulipoanguka na nchi ikabaki na taarifa za afya zilizotengwa kwa misingi ya rangi. Tanzania iliingia mapema kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ilipofika 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 70.

Mtumiaji wa programu ya namna hii ana haki ambayo mnunuzi wa programu ya kawaida hana. Anaweza kuingia mahali kazi inapofanyika, akaona orodha ya kasoro zinazojulikana, akaongeza aliyoiona yeye, akafuatilia ni nani ameichukua na ni toleo gani litakalokuja na marekebisho. Anaweza pia kuomba kipengele kipya na kueleza kwa nini kinahitajika. Watumiaji wa Afrika Mashariki ni wengi, ila haki hiyo wanaitumia kidogo mno.

Yanayotokea maofisini yanafahamika. Fomu ikigoma kuhifadhi, mtumishi hujaribu tena. Ikigoma mara ya pili, humpigia mwenzake wa wilaya jirani, ambaye humwelekeza njia ya mkato: funga kivinjari, fungua upya, anza na ukurasa wa pili. Njia hiyo hugeuka kuwa utaratibu wa ofisi, na anayeajiriwa upya hufundishwa kana kwamba ni sehemu ya mfumo. Hakuna aliyeandika popote kwamba pana kasoro. Korogwe na Muheza watu wanahangaika na jambo lile lile, na mtengenezaji aliye mbali anaamini mambo yanakwenda salama.

Ukimya huo una gharama mbili. Ya kwanza ni muda unaopotea kila mwezi kwa tatizo ambalo pengine lingemalizwa kwa siku moja. Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inagusa mwelekeo wa programu yenyewe. Timu ya watengenezaji ina saa chache na maombi mengi, na huanza na yale iliyoyasikia. Nchi isiyosema hupokea programu iliyopangwa kwa mahitaji ya waliosema.

Jambo hili limeanzia mbali katika historia ya programu huria. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa kwake, akawauliza wangependa uwe na nini. Aliwaambia wazi kuwa hawezi kuahidi kutekeleza kila ombi. Kazi hiyo ndiyo Linux, ambayo leo ni kiini cha Android. Iko ndani ya simu ambazo wakulima wa karoti na kabichi wa Lukozi huzitumia kuuliza bei ya soko la Kariakoo kabla lori halijaanza kuteremka kuelekea Mombo. Kabla mfumo haujajulikana duniani, mtengenezaji wake alikuwa tayari amewaomba watumiaji wamwambie wanachotaka.

Mfano wa karibuni unaonyesha kuwa hata kasoro inayoonekana ndogo hustahili kuandikwa. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitoa taarifa iliyowashtua wasimamizi wa seva duniani kote. Alikuwa akifanya majaribio yake alipoona kwamba kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Angeweza kulipuuza jambo hilo. Alichimba, akakuta kwamba programu ndogo ya kubana mafaili, XZ Utils, imepachikwa mlango wa siri ambao ungempa mhalifu uwezo wa kuingia kwenye seva za watu. Matoleo yenye mlango huo yalikuwa yameanza kuingia katika matoleo ya majaribio ya Linux. Ripoti yake, iliyoeleza hatua kwa hatua alichokiona na alivyokipima, ilizuia hatari hiyo kabla haijaenea. PostgreSQL anayoishughulikia Freund ndiyo hifadhidata inayobeba DHIS2.

Watumiaji wa Lushoto hawahitaji kuwa wahandisi wa Microsoft ili ripoti zao ziwe na thamani. Wana ujuzi ambao mhandisi wa Oslo hana. Chukua suala la saa. Mtu wa Usambara anaposema saa 2 usiku, kompyuta inataka aandike 20:00. Muuguzi aliyechoka, anayejaza muda wa mtoto kuzaliwa, anaweza kuandika 2:00, na mtoto aliyezaliwa usiku wa mapema akasomeka kuwa alizaliwa usiku wa manane. Aliyekulia Ulaya hana sababu ya kulifikiria jambo hilo. Akielezwa, anaweza kuweka kisanduku cha kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, au onyo linalomtaka mjazaji athibitishe muda.

Chukua pia mipaka ya utawala. Halmashauri ya Bumbuli ilipomegwa kutoka Lushoto, zahanati zilizokuwa zikihesabiwa upande mmoja zilihamia upande mwingine. Kwa mfumo wa takwimu hilo ni jambo gumu: namba za miaka ya nyuma zibaki wapi, na mtu akitaka kulinganisha chanjo za mwaka huu na za miaka mitano iliyopita alinganishe nini na nini? Nchi nyingi zinazomega wilaya na kata zilikuwa na shida hiyo hiyo, na toleo la DHIS2 la 2.37, lililotoka 2021, lilileta nyenzo za kugawa na kuunganisha maeneo ya aina hiyo. Maombi ya vipengele vipya katika mradi huo huorodheshwa hadharani, na watumiaji wanaweza kuyaunga mkono kwa kura. Ofisi ambayo imewahi kuhamisha zahanati kutoka halmashauri moja hadi nyingine ina mengi ya kueleza pale.

Milima ya Usambara inayo kumbukumbu ya mpango uliobuniwa bila kumsikiliza anayeutumia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaupanua katika maeneo mengine ya Usambara. Wakulima walilazimishwa kujenga matuta kwenye miteremko, na waliokaidi waliadhibiwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kina jinsi Wasambaa walivyoupinga: kazi ilikuwa nzito mno, wanawake waliobeba sehemu kubwa ya kilimo ndio walioumia zaidi, na wengi walihofia haki zao juu ya mashamba. Hoja hizo zilikuwa taarifa za kweli kutoka shambani, lakini maofisa waliziita ukaidi. Upinzani ukaungana na siasa za kudai uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umeachwa. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa tatizo la kweli, na wakulima wenyewe waliuona. Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka pingamizi likapokewa, likajadiliwa na kubadili mpango.

Programu huria zina mahali hapo, napo pako wazi kwa kila mtu. Ni hasara kupaacha tupu.

Tena si afya peke yake. Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba hadi Mambo na Mtae, au wanaokwenda kutazama nyika kutoka Irente, wengi huongozwa na ramani za simu zinazofanya kazi bila mtandao, kama Organic Maps na OsmAnd. Programu hizo huchukua ramani zake kutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004 na unaochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Njia ikikatwa na maporomoko ya masika, kijiji kikiandikwa kwa jina lisilo lake, au kisima kikikosekana, mwongoza watalii ndiye wa kwanza kujua. Anaweza kubandika alama mahali palipokosewa kwenye ramani na kuandika sentensi mbili; mchoraji atakayeiona atarekebisha, hata kama yuko bara jingine. Anayetaka anaweza kujisajili na kurekebisha mwenyewe.

Tanzania imeshathibitisha kuwa kazi hiyo inawezekana. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walishiriki kuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Mwaka 2015 ulifuata mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi walizunguka kata zinazokumbwa na mafuriko wakichora nyumba, barabara na mitaro. Agosti 2018 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa watengenezaji na watumiaji wa programu huria za ramani. Vichochoro vilivyoonekana vigumu kuchorwa vimo kwenye ramani inayosomwa na dunia nzima. Njia za Usambara zinastahili uangalizi huo huo.

Ripoti nzuri ina kanuni zake, na zinajifunzika kwa muda mfupi. Simon Tatham, Mwingereza aliyetengeneza programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 mwongozo unaosomwa hadi leo. Kwa maelezo yake, shabaha ya ripoti ni kumwezesha mtengenezaji aione kasoro ikitokea mbele ya macho yake. Mgonjwa anayemwambia daktari “naumwa” kisha akanyamaza hawezi kutibiwa, na ripoti inayosema “mfumo haufanyi kazi” haina tofauti na mgonjwa huyo.

Mwandishi wa ripoti ataje toleo la programu, aina ya simu au kompyuta, na kivinjari alichotumia. Aeleze alichofanya kwa mpangilio, alichotarajia kuona, na kilichotokea badala yake. Mfano wa kubuni ni huu: “Nimefungua fomu ya mwezi kwenye Chrome, nimejaza ukurasa wa kwanza, mtandao ukakatika. Uliporudi nimebonyeza kitufe cha kuhifadhi. Nilitarajia namba zibaki, lakini zimefutika zote bila onyo. Nimejaribu kwenye kompyuta nyingine, imekuwa vile vile.” Mistari michache kama hiyo, pamoja na picha ya kioo cha kompyuta au simu, humwokolea mtengenezaji siku nzima ya kubahatisha. Kabla ya kuituma, mwandishi apekue orodha iliyopo, kwa maana mwingine anaweza kuwa amekwisha kuripoti. Akikuta hivyo, aongeze maelezo yake palepale. Kasoro mbili ziandikwe katika ripoti mbili.

Ombi la kipengele kipya linaanza na shida, suluhisho hufuata. Mtu akiandika “ongezeni kitufe cha kijani juu kulia”, anamfungia mtengenezaji njia. Akiandika kwamba kituo chake hukaa siku nyingi bila mtandao wakati wa masika, na kwamba wahudumu wanahitaji kujaza taarifa za siku zote hizo kisha kuzituma kwa pamoja, anampa mtengenezaji nafasi ya kutafuta njia bora kuliko kitufe. Wakati mwingine atajibiwa kwamba njia hiyo ipo tayari na hakuna aliyemfundisha, na jibu hilo nalo ni faida.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari kubwa. Picha ya kioo isionyeshe jina la mgonjwa, namba yake ya simu wala majibu ya vipimo. Mwandishi azifiche taarifa hizo au ajaribu kwa taarifa za bandia. Na kasoro ya usalama, ile inayoweza kumruhusu mtu asiyestahili kuingia kwenye mfumo, isitangazwe hadharani kwanza. Miradi mikubwa huweka njia ya siri ya kupokea taarifa za namna hiyo, ili tiba itangulie kabla wahalifu hawajajua.

Pana pia adabu. Programu nyingi huria zinabebwa na watu wachache, wengine bila malipo. Ile XZ Utils iliyonaswa 2024 ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, aliyeifanya kwa kujitolea. Kabla ya mlango wa siri kupachikwa, aliandamwa na ujumbe wa kumlaumu kwamba anachelewa, hadi akamkabidhi msaidizi asiyemjua sehemu ya kazi, na msaidizi huyo ndiye aliyekuja kupachika mlango. Daniel Stenberg wa Sweden, mtengenezaji wa programu ya curl, amelalamika hadharani juu ya mafuriko ya ripoti za uongo zilizoandikwa na akili mnemba na kutumwa na watu ambao hawakujaribu chochote. Anayeripoti kutoka Lushoto aandike alichokiona mwenyewe, kwa heshima, na akumbuke kurudi kuthibitisha pale marekebisho yanapotoka.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wataalamu wa TEHAMA. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Kwenye mfumo kama DHIS2, jina la safu lililokosewa kwenye fomu ni suala la wizara iliyoiandaa fomu, na kasoro iliyo ndani ya programu yenyewe ni suala la Oslo. Mtaalamu ndiye anayejua kuzitenganisha. Lakini mtaalamu hawezi kutenganisha asichoambiwa. Taarifa ya kwanza hutoka kwa anayejaza fomu, na yeye asihitaji kujua itakapoishia. Anachohitaji ni mahali pamoja pa kuipeleka na hakika kwamba atajibiwa.

Hoja ya lugha ina uzito zaidi. Orodha nyingi za kasoro zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtumishi anayefahamu kazi yake barabara anaweza kuona haya kuandika sentensi mbovu mbele ya wageni. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Miaka zaidi ya 20 baadaye, hatua inayofuata ni kuupa Kiswahili nafasi katika kuripoti pia. Miradi inayotumiwa na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili inapaswa kupokea ripoti za Kiswahili na kuzitafsiri yenyewe. Mashine za kutafsiri za leo zinaweza kutoa maana ya kutosha kwa mhandisi kuanza kazi. Na pale miradi inapochelewa, wataalamu wa Dar es Salaam wana uwezo wa kuwa daraja.

Wizara ya Afya na halmashauri ziiweke kazi hii kwenye utaratibu. Kila mafunzo ya mfumo mpya yawe na kipindi cha kuandika ripoti ya kasoro. Kila halmashauri iteue mtu mmoja wa kupokea ripoti, kuzichuja na kuzipeleka mbele, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi. Kila baada ya miezi mitatu watumiaji waelezwe kilichorekebishwa, kilichokataliwa na sababu zake, kwa sababu anayeripoti asipojibiwa haripoti tena. Vyuo vifundishe stadi hiyo pia. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watu husomea kazi za mahakama, na kupanga matukio kwa ukweli na kwa mfuatano ni sehemu ya kazi hizo. Ripoti ya kasoro inadai nidhamu hiyo hiyo.

Wafadhili wanaolipia mifumo hii nao wana wajibu. Fedha hutengwa kwa ajili ya vishikwambi, seva na semina. Zitengwe pia kwa ajili ya kusikiliza baada ya semina kwisha.

Muuguzi wa Bumbuli, mtunza takwimu wa Lushoto, mwongoza watalii wa Mtae na mwalimu anayetumia programu huria darasani wanaweza kuanza wiki hii bila kusubiri waraka. Wachague kasoro moja wanayoijua vizuri, waiandike kwa Kiswahili kama Kiingereza kinawatatiza, waitume, na waifuatilie mpaka wapate jibu.